Somo la Wiki: Sita au Tisa? Chumba cha Mkutano wa Video kwa Mfanyabiashara wa Makambako

MUUZAJI wa parachichi anataja bei ya "elfu moja mia sita" kwa kilo. Mnunuzi aliye upande wa pili wa video anasikia "elfu moja mia tisa". Tofauti ni Sh. 300 kwa kilo, na kwa lori la tani 20 tofauti hiyo inafika Sh. milioni 6. Bei hizi ni za mfano tu, wala zisichukuliwe kuwa bei za soko la wiki hii. Hata hivyo kosa lenyewe ni la kweli na lina sababu inayoeleweka.

Maneno "sita" na "tisa" yana herufi zilezile. Kinachoyatenganisha ni "s" na "t" kubadilishana nafasi. Ndivyo ilivyo kwa "sitini" na "tisini". Irabu hutoka kooni zikiwa na nguvu, lakini "s" na "t" ni pumzi kidogo tu mbele ya mdomo. Katika chumba chenye mwangwi irabu iliyotangulia huendelea kulia ukutani na kuifunika konsonanti inayofuata. Msikilizaji aliyeko mbali hubaki na muziki wa neno bila neno lenyewe.

Wafanyabiashara wengi wanaponunua vifaa vya mkutano wa video huanza na kamera, kisha luninga kubwa, na fedha ikibaki huulizia kipaza sauti. Somo la wiki hii linapendekeza mpangilio huo ugeuzwe juu chini: chumba kwanza, kipaza sauti cha pili, taa ya tatu, na kamera iwe ya mwisho.

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita mjini hapo hapo. Mahindi, viazi mviringo, mbao, chai na parachichi za nyanda za juu kusini hupita katika mji huu, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kanda yake hapo. Mali iko Makambako, lakini sehemu kubwa ya maamuzi juu ya mali hiyo hufanyika kwingine. Makao makuu ya mabenki, mawakala wa meli na Soko la Hisa viko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, safari inayomaliza siku nzima ndani ya basi. Wanunuzi wa parachichi wako mbali zaidi, na soko la China lilifunguliwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Novemba 2022.

Kwa hiyo swali la kibiashara ni jepesi. Kama safari moja ya Dar es Salaam, kwa nauli, malazi, chakula na siku tatu za duka kufungwa, inamgharimu mtu Sh. 300,000, na kutengeneza chumba kizuri kunamgharimu Sh. 1,800,000, basi chumba kimejilipa baada ya safari sita kuepukwa. Kila mmoja aweke tarakimu zake mwenyewe. Ila hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja, kwamba mkutano wa video uweze kweli kuchukua nafasi ya safari. Mnunuzi akimaliza mkutano kwa kusema "basi njoo tuonane", chumba hakijaepusha safari yoyote.

Ilikotoka

Kuonana kwa waya ni wazo la zamani. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilionyesha simu yake ya picha katika maonyesho ya New York mwaka 1964, lakini wateja hawakuikimbilia kutokana na bei yake. Tanzania ilipata kituo chake mwaka 2000, pale mtandao wa mafunzo wa Benki ya Dunia ulipofunguliwa jijini Dar es Salaam katika eneo la Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM). Kituo hicho baadaye kilijulikana kama TaGLA. Mawasiliano yake yalianza kwa setilaiti, na aliyetaka kuyatumia alilazimika kwenda mwenyewe hadi Mtaa wa Shaaban Robert.

Waya wa baharini wa SEACOM ulifika nchini Julai 2009, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza mwaka huo huo. Kisha ikaja 2020. Machi 18 ya mwaka huo Baraza la Mawaziri la SADC, Tanzania ikiwa mwenyekiti, lilikutana kwa video kutokana na ugonjwa wa Korona. Benki ya CRDB nayo ilifanya mkutano mkuu wa wanahisa kwa njia ya mtandao mwaka huo, na mwenye hisa chache aliyeko mkoani akaweza kuhudhuria bila kupanda basi. Mwaka 2021 zilitoka kanuni za mahakama za kuendesha mashauri kwa mbali. Hata ukaguzi wa mashamba na ghala kwa ajili ya cheti cha GLOBALG.A.P., ambacho wanunuzi wa Ulaya hukidai, ulianza kuruhusiwa kwa sehemu kufanyika kwa mbali tangu 2020.

Mkutano wa video, basi, umeacha kuwa anasa ya mawaziri. Mkulima wa parachichi, mwenye hisa na mdaiwa wote wanaweza kujikuta mbele ya kamera, na kila mmoja ana fedha yake inayotegemea kusikika.

Mito ya Sabine

Sayansi ya mwangwi wa chumbani ilianza kwa malalamiko. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo hakuna aliyemwelewa mhadhiri, kwani neno moja lilibaki likisikika kwa zaidi ya sekunde tano. Kazi ya kuurekebisha alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Hakuwa na chombo cha kielektroniki cha kupimia sauti. Usiku, chuo kikiwa kimya, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine mzuri, akaipanga katika ukumbi mbovu, akapiga bomba la kinanda, akahesabu sekunde mpaka sauti ipotee, kisha akarudisha mito kabla ya asubuhi. Kila alipoongeza mito, sekunde zilipungua.

Kutokana na mito hiyo alipata kanuni inayotumika hadi leo. Ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo huzidishwa kwa 0.16, kisha hugawanywa kwa kiasi cha sauti kinachomezwa na vilivyomo. Jibu ni sekunde za mwangwi. Kipimo cha kumeza ni dirisha lililo wazi: mita moja ya mraba ya dirisha wazi humeza sauti yote inayoliendea, kwa sababu ikitoka hairudi.

Ichukuliwe fremu ya kawaida mjini Makambako, urefu mita 5, upana mita 4, kimo mita 3, yenye kuta za plasta, sakafu ya vigae na dari la jipsamu. Ujazo wake ni mita 60. Nyuso zote sita zina jumla ya mita za mraba 94. Plasta, vigae na kioo humeza sauti kidogo mno. Tuseme asilimia 5 kwa wastani. Hiyo ni sawa na dirisha wazi la mita 4.7 tu. Kwa kanuni ya Sabine, 0.16 mara 60 ni 9.6, gawanya kwa 4.7, mwangwi unakuwa sekunde 2.

Sekunde 2 si nyingi kwa kwaya kanisani. Kwa mtu anayetaja bei ni balaa. Anayeongea kwa mwendo wa kawaida hutoa silabi kama tano kwa sekunde, hivyo mabaki ya silabi kumi zilizopita yanagombana na ile anayoitamka sasa. Chumba kidogo cha mikutano kinatakiwa kiwe na mwangwi wa takriban sekunde 0.6 au pungufu.

Kufika hapo hakuhitaji fundi kutoka nje. Zulia nene likitandikwa sakafu yote humeza kama asilimia 25 na kuongeza mita 4 za dirisha wazi juu ya zile za vigae. Pazia zito lenye mikunjo, likifunika mita 12 za ukuta, humeza kama nusu ya sauti na kuongeza mita 5.4. Watu watano waliokaa huongeza mita 2, kwani nguo na miili navyo humeza. Jumla inakuwa mita 16.1, na 9.6 ikigawanywa kwa hiyo inatoa sekunde 0.6. Kwa zulia moja na pazia moja, "sita" inaachana na "tisa".

Pazia liwe na mikunjo mingi na lisibanwe ukutani. Nafasi ya kiganja kati yake na ukuta huongeza kazi yake. Makambako ni mji wa baridi na blanketi nzito hazikosekani sokoni. Blanketi likishonwa nyuma ya pazia la kawaida hufanya kazi sawasawa na kitambaa cha bei kubwa. Ukuta wa kwanza kufunikwa uwe ule unaomtazama msemaji, yaani nyuma ya luninga na pembeni mwake, kwa sababu ndio unaopokea sauti yake moja kwa moja.

Lipo pia jambo la trei za mayai. Vijana wenye studio huzigandisha ukutani wakiamini zinameza sauti. Kazi yake ni ndogo sana, hasa kwa sauti ya mtu anayeongea, na zinashika moto upesi. Vipande vya godoro la sponji humeza vizuri zaidi, lakini navyo vina hatari ya moto, hivyo visiwekwe karibu na swichi, soketi au taa.

Upepo, mvua na lori

Mwangwi huzaliwa ndani. Kelele huja kutoka nje, na dawa yake ni tofauti, kwa kuwa zulia haliwezi kuzuia mvua kupiga bati.

Makambako ina upepo unaojulikana, kiasi kwamba umewahi kupangiwa miradi ya umeme. Bati lisilokazwa vizuri hugonga, na mlango mwepesi hupiga filimbi. Katika msimu wa masika mvua ikishuka juu ya bati lisilo na dari hakuna kipaza sauti kitakachookoa mkutano. Aidha, malori yanayobadilisha gia katika barabara kuu hutoa muungurumo mzito unaopenya ukuta wa tofali moja.

Hapa hekima ni ya kuchagua kabla ya kujenga. Chumba kiwe upande wa nyuma wa jengo, mbali na barabara kuu, mbali na mashine ya kukoboa na kusaga, na kama jengo ni la ghorofa kisiwe cha juu kabisa chini ya bati. Kama hakuna budi kukaa chini ya bati, dari liwe la mbao nzito au jipsamu, na juu yake kitandazwe kitu kizito na laini kisichoshika moto kirahisi. Mbao ni bidhaa ya nyumbani katika mkoa wa Njombe, na dari la mbao lenye nafasi ndogo kati ya ubao na ubao, likiwa na kitambaa kizito nyuma yake, humeza mwangwi.

Mlango uwe wa mbao nzima, na mpira ubandikwe kuzunguka fremu. Panapopita hewa ndipo inapopita sauti. Ufa wa kidole kimoja chini ya mlango unaweza kuharibu kazi ya ukuta mzima.

Kipaza sauti kiende kwa mtu

Umbali kati ya mdomo na kipaza sauti ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hushuka hadi robo. Kamera yenye kipaza sauti chake ikifungwa juu ya luninga, mita 2.4 kutoka kwa msemaji, hupata sehemu moja tu ya 64 ya kile ambacho kingepatikana sentimita 30 kutoka mdomoni. Mwangwi na kelele, kwa upande wao, viko sawa kila kona ya chumba. Ndiyo maana sauti ya mbali husikika kama mtu aliye ndani ya pipa.

Kwa mtu mmoja, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola kinatosha kabisa, na huuzwa katika maduka mengi ya simu. Kwa watu watano kinafaa kile cha kuweka katikati ya meza, kiwe kinachochukua sauti pande zote na kuondoa mwangwi wa spika. Kisiwekwe juu ya meza tupu ya kioo. Kitambaa kizito chini yake huzuia milio ya kalamu na vikombe.

Kosa linalorudiwa katika ofisi nyingi ni watu wawili kuingia katika mkutano mmoja, chumba kimoja, kwa simu mbili zenye sauti wazi. Sauti ya moja huingia katika nyingine na mluzi huanza mara moja. Kifaa kimoja tu kiachiwe kazi ya sauti. Vingine vyote vizimwe spika na kipaza sauti.

Mkutano ukihitaji kutoka nje, kwa mfano mkaguzi akitaka kuona banda la kufungashia, simu iende na kipaza sauti cha kubana chenye kifuniko cha manyoya au sponji. Upepo wa Makambako ukipiga kipaza sauti kitupu, mkaguzi atasikia dhoruba hata kama anaona parachichi safi.

Uso usiwe kivuli

Kamera hupima wastani wa mwanga wa kila kilicho mbele yake, kisha hujirekebisha. Nyuma ya mtu kukiwa na dirisha la mchana, kamera huona mwanga mwingi na kupunguza picha nzima, na uso hugeuka kivuli. Ukuta mweupe unaong'aa hufanya jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Kwa ngozi nyeusi athari huwa kubwa zaidi, na mnunuzi hubaki akizungumza na shati. Katika biashara ambayo watu hawajawahi kukutana, uso usioonekana huleta mashaka yasiyo na sababu.

Ukuta wa nyuma upakwe rangi isiyong'aa ya kijivu au bluu iliyofifia, au pazia la khaki lishuke hapo. Litafanya kazi mbili kwa gharama moja. Kalenda, saa ya ukutani yenye kioo na picha nyingi ziondolewe. Dirisha liwe ubavuni na liwe na pazia jepesi. Taa mbili nyeupe za aina moja ziwekwe mbele, moja kila upande, juu kidogo ya macho, zikiwa zimefunikwa kwa karatasi au kitambaa cheupe kisichogusa balbu ili mwanga ulainike. Kiwango cha mwanga kinachotakiwa ofisini Ulaya kwa chumba cha mikutano ni luksi 500, na simu nyingi zinaweza kupakiwa programu ya kupima. Taa ya dari peke yake haitoshi, maana huweka vivuli machoni.

Kuhusu kamera yenyewe maneno ni machache. Iwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, yaani kama mita 1.2 kutoka sakafuni, na karibu na luninga ili anayetazama picha aonekane anamtazama mwenzake. Kamera ya kawaida ya kompyuta mpakato au simu nzuri katika chumba chenye mwanga hushinda kamera ya bei kubwa katika chumba cha giza.

Meza ya mstatili huficha watu, kwani aliye mbele humkinga aliye nyuma. Fundi seremala anaweza kutengeneza meza ya misindano iliyo pana upande wa luninga na nyembamba upande wa mbali, na kila aliyekaa huonekana.

Mtandao na umeme

Kampuni ya Zoom hupendekeza megabiti 1.2 kwa sekunde, kwenda na kurudi, kwa video nzuri ya watu wawili. Kwa saa moja hiyo ni takriban megabaiti 540 kila upande, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti moja ya bando. Sauti peke yake haizidi megabaiti 40 kwa saa kila upande. Mtandao ukidhoofika, jambo la kwanza ni kuzima picha na kuacha sauti. Wengi hufanya kinyume, wakihangaika kurudisha picha huku mazungumzo yakikatika.

Kasi si yote, upo pia ucheleweshaji. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Setilaiti za zamani zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta huchukua karibu robo sekunde kwa safari moja, na ndiyo sababu watu waliotumia vituo vya awali walizoea kukatizana maneno. Waya wa mkongo ni mwepesi zaidi. Kompyuta iunganishwe kwa waya kwenye ruta kila inapowezekana, na iwepo laini ya pili ya kampuni nyingine ya simu, ikiwa na bando tayari, kwa ajili ya dharura.

Umeme ukikatika katikati ya mapatano ya bei, mnunuzi hajui kama ni TANESCO au ni hasira. Luninga ya inchi 43 hula kama wati 80, kompyuta mpakato wati 60, ruta wati 15 na taa mbili wati 20, jumla 175. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu kama inatakiwa idumu. Zikitolewa asilimia 15 zinazopotea katika inveta, zinabaki wati-saa 510, ambazo ni karibu saa tatu. Luninga ikizimwa, saa hizo zinapita tano.

Kwa mwekezaji mdogo

Wapo watakaofikiria kutengeneza chumba hiki na kukikodisha kwa saa. Hesabu ya mfano ni hii. Kodi ya fremu Sh. 150,000 kwa mwezi, bando Sh. 100,000, umeme Sh. 20,000, kijana wa kusimamia Sh. 130,000, na vifaa vya Sh. 1,800,000 vikigawanywa kwa miezi 24 ni Sh. 75,000. Jumla ni Sh. 475,000. Akitoza Sh. 15,000 kwa saa anahitaji saa 32 kwa mwezi ili asipate hasara, yaani saa nane kila wiki bila kukosa.

Kwa mji wa ukubwa wa Makambako hilo ni gumu kwa chumba kinachosimama peke yake. Hali ni tofauti kwa mwenye steshenari ya kuchapa na kutoa nakala, ambaye tayari analipa kodi, umeme na kijana. Kwake gharama mpya ni vifaa na bando tu, Sh. 175,000, na saa 12 kwa mwezi zinatosha. Njia nyingine ni chama cha ushirika au kikundi cha wauzaji kuchangia chumba kimoja na kugawana saa, hasa katika msimu wa parachichi ambapo wanunuzi wengi huulizia mali kwa wakati mmoja.

Mwenye kukodisha akumbuke kuwa mteja hatarudi kama maneno yake yanasikika dukani. Pazia humeza mwangwi lakini halifichi siri. Ukuta mzito na mlango uliobana ndio unaofanya kazi hiyo. Pia kurekodi mkutano bila kuwaambia waliomo ni kujiingiza katika matatizo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Huenda mtu akauliza kwa nini bei isiandikwe tu na kutumwa. Iandikwe, na kwa tarakimu na maneno, mara baada ya mkutano. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua mkataba uliofanywa kwa njia hiyo. Lakini punguzo, sharti la malipo ya awali na tarehe ya kupakia mali hupatikana katika mazungumzo, na barua pepe huja kuthibitisha kile ambacho masikio yamekwisha kukubaliana.

Kabla ya mkutano wa kwanza chumba kifanyiwe mtihani. Mtu aliyeko Dar es Salaam apigiwe kwa video, na msemaji, akiwa katika kiti chake cha kawaida na kwa sauti yake ya kawaida, asome namba 20 zilizochanganywa: sita, tisa, sitini, tisini, sabini, mia sita, mia tisa, na nyinginezo za aina hiyo bila mpangilio. Wa upande wa pili aandike anachosikia bila kuuliza, kisha orodha mbili zilinganishwe. Zikitofautiana hata kwa namba moja, pazia liongezwe, kipaza sauti kisogezwe karibu, na mtihani urudiwe siku hiyo hiyo, kisha mara nyingine siku ya mvua.